Karatasi za mitihani iliyopita: mwongozo kamili wa kuzitumia hadi gredi ipande

Kila Januari hulipata swali lile lile, mara kutoka kwa mzazi anayenisimamisha sokoni, mara kwa mwanafunzi wa bweni anayenisubiri nje ya chumba cha walimu: "Mwalimu, nimefanya karatasi arubaini za hisabati, mbona bado niko C?"

Nikiomba kuziona, naletewa rundo zito. Nusu yake haijaguswa na kalamu nyekundu. Nusu ya pili ina alama 85, 88, 91, zilizotolewa na mwanafunzi mwenyewe huku mwongozo wa usahihishaji umelala wazi ubavuni pake.

Shule za binafsi hapa Malindi hazina njaa ya karatasi. Mashine za kutoa nakala hazipoi, na kila Ijumaa mtoto hutoka na majaribio ya kaunti hii na ile, mpaka begi linamuumiza bega. Karatasi zinasomwa kama gazeti: zinapitiwa, zinakunjwa, zinasahaulika. Haya yafuatayo ni kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu au cha Nne anayelenga chuo kikuu kupitia KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza Kidato cha Nne, na kwa mzazi anayelipa karo akijiuliza pesa zinakwenda wapi. Mtihani wenyewe unaelekea ukingoni, kwa kuwa kundi la mwisho linatarajiwa kuufanya 2027. Walio ndani bado wana kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi tano za KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kenya, kwa kila somo (mwaka mmoja uhesabu moja), pamoja na miongozo yake ya usahihishaji. Tano zinatosha.
- Taarifa ya KNEC ya mtihani wa mwaka mmoja au miwili iliyopita. Humo baraza hueleza maswali yaliyowashinda watahiniwa, walikosea vipi na walitarajiwa kujibu nini. Shule nyingi zinayo kabatini na haisomwi na mtu.
- Daftari gumu la kurasa 200. Hili ndilo daftari la makosa.
- Kalamu tatu: buluu, nyeusi na nyekundu.
- Saa ya mkononi au ya ukutani. Simu si saa.
- Kikokotoo chako mwenyewe, si cha kuazima asubuhi ya mtihani.
- Karatasi tupu za kujibia na bahasha kubwa moja kwa kila somo.

## Hatua ya 1: Jua pointi zako zimelala wapi

Chukua matokeo ya mtihani wako wa mwisho wa shule uyageuze kuwa pointi. A ni 12, A ya kutoa ni 11, B ya kujumlisha ni 10, na hivyo hivyo zinashuka moja moja hadi E yenye 1.

Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani hutokana na masomo saba: hisabati, lugha moja uliyoifanya vizuri zaidi, na masomo matano bora kati ya yaliyobaki. Jumla ya juu kabisa ni 84. Pointi 46 hadi 52 ni C ya kujumlisha, na hapo ndipo mlango wa shahada unapofunguka. 53 hadi 59 ni B ya kutoa, 60 hadi 66 ni B.

Tuseme mwanafunzi ana masomo manane: hisabati C ya kutoa (5), Kiswahili B ya kujumlisha (10), Kiingereza C ya kujumlisha (7), biolojia C ya kujumlisha (7), kemia C (6), historia B (9), dini ya Kiislamu B ya kujumlisha (10), biashara C ya kujumlisha (7). Hisabati inaingia kwa lazima, Kiswahili kinaingia kama lugha, kisha dini, historia, biolojia, Kiingereza na biashara. Kemia inabaki nje. Jumla ni 55, yaani B ya kutoa.

Anataka B. Amepungukiwa pointi 5. Ahangaike na somo gani?

Wengi hukimbilia kemia kwa sababu ndiyo inayowatia aibu. Tazama hesabu. Akiipandisha kemia kutoka C hadi B ya kutoa, amepanda gredi mbili lakini jumla imeongezeka pointi 1 tu, maana kemia mpya ya 8 inachukua kiti cha somo la 7. Akiipandisha hisabati gredi mbili hizo hizo, anapata 2 kamili, kwa kuwa hisabati haina wa kuitoa. Kwa jasho lile lile, mapato ni mara mbili.

Hesabu hii hugeuka kama kozi anayoitaka ina masharti yake. Mwenye nia ya uuguzi hawezi kuiacha kemia nje, kwani kozi hiyo inaiangalia kemia yenyewe na biolojia yenyewe. KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, pia hutazama masomo manne ya kundi la kozi husika, yenye upeo wa pointi 48. Kwa hivyo kwanza chagua kozi mbili tatu, usome masharti yake kwenye tovuti ya KUCCPS, ndipo upige hesabu.

Umefaulu hatua hii ukiwa na kijikaratasi ukutani chenye masomo matatu, si manane, na mbele ya kila somo idadi ya pointi unazozitafuta.

## Hatua ya 2: Chuja karatasi, nyingine zifungie

Kati ya zile tano, mbili za karibuni kabisa zitie kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, uandike tarehe ya kuifungua: wiki tatu kabla ya mtihani. Ukizitumia sasa utakuja kukosa kipimo cha kweli mwishoni, na hakuna kitu kinachodanganya kama karatasi uliyokwisha kuiona.

Tatu zilizobaki ndizo za kazi. Mbona chache hivyo? Kwa sababu hisabati peke yake ina karatasi mbili kwa kila mwaka, na sayansi tatu. Mwaka mmoja wa hisabati ukiutendea haki, yaani kuufanya, kuusahihisha na kuurudia makosa yake, unakula wiki mbili.

Kama bado hamjamaliza silabasi, usingoje. Karatasi ya kwanza ya hisabati kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye kazi ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, kwa hivyo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuianza leo.

Onyo mbili. Karatasi zilizopigwa chapa upya na wauzaji mara nyingine zina makosa, alama ya kutoa ikipotea au mchoro ukibadilika, nawe unakesha ukitafuta jibu lisilokuwako. Pata nakala ya karatasi asilia. La pili, wale wanaouza "mtihani wa kesho" kwenye Telegram wanauza upepo. Mwanafunzi aliyetoa pesa za matumizi ya muhula akapewa karatasi ya mwaka mwingine iliyobadilishwa tarehe hajapoteza pesa tu, amepoteza na usiku wa kulala. Na anayekamatwa na udanganyifu hufutiwa matokeo.

## Hatua ya 3: Keti kama uko mtihanini

Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi. Meza tupu, maji, kikokotoo, karatasi. Mwongozo wa usahihishaji uwe kwa mtu mwingine, hata kama ni kwa mama jikoni.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba nyumbani kuna kelele. Ndiyo. Tuktuk zinapiga honi, jirani ana harusi na ngoma imeanza tangu jana. Kelele isiyokuhusu haikuvunji sana. Simu yako ndiyo inayokuvunja. Joto ni shauri jingine. Kaskazi inapokata pumzi, kuanzia Februari hadi mvua zianze, kukaa chini ya mabati saa nane mchana na kufanya hesabu ni kujionea. Fanya asubuhi. Ramadhani nayo siku hizi inaangukia muhula wa kwanza, na akili iliyotoka kuswali alfajiri ina nguvu kuliko ile inayotoka tarawehe. Pia stima haijapata nafasi ya kukatika.

Gawa muda kwa alama. Hisabati ni saa mbili na nusu kwa alama 100, sawa na dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 10 lina dakika 15. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Ya pili ina maswali manane, unachagua matano. Anayemaliza sehemu ya kwanza kwa saa moja na dakika 45 ameshazama, hata kama majibu yote ni sahihi. Insha ya Kiswahili ina saa moja na dakika 45 kwa insha mbili. Toa dakika tano za kupanga na tano za kusoma tena kwa kila insha, utaona kuandika kwenyewe ni kama dakika arubaini tu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Muda ukiisha, usisimame. Weka chini kalamu ya buluu, chukua nyeusi, umalize maswali yaliyobaki bila saa. Ukisahihisha utapata alama mbili tofauti: za buluu ni zile ambazo ungezipata mtihanini, na za nyeusi ni zile unazozijua lakini mwendo umekunyima. Mwanafunzi mwenye 48 za buluu na 22 za nyeusi hana shida ya hisabati, ana shida ya mwendo. Mwenye 48 na 3 lazima arudi kitabuni. Ukiwatibu kwa dawa moja umewaua wote wawili.

## Hatua ya 4: Sahihisha kesho yake, bila huruma

Usisahihishe siku ile ile. Ukiwa bado na joto la karatasi utajihurumia: "Hapa nilimaanisha vile." Msahihishaji hasomi nia, anasoma wino.

Hisabati. Kwenye mwongozo utaona M1, A1 na B1. M ni alama ya njia, A ni ya usahihi wa jibu linalotokana na njia hiyo, B husimama yenyewe. Jipe alama hivyo hivyo. Jalada la mtihani linasema alama zaweza kutolewa kwa njia sahihi hata jibu likiwa baya, na hii ndiyo sababu ya kuandika kila hatua. Mtoto hodari anayeruka hatua tatu kwa sababu "zinaonekana" akikosea tarakimu moja hupoteza zote, na yule mzito anayeandika kila mstari anampita.

Sayansi. Hakikisha vipimo vimeandikwa. Mlinganyo wa kemia usio na alama za hali (yabisi, kioevu, gesi, mmumunyo) hukatwa nusu alama. Nusu nusu hizo zikijikusanya zaweza kukushusha gredi.

Historia. Swali la alama 15 huwa na sehemu ya kutaja na sehemu ya kueleza. Kwenye sehemu ya kueleza yenye alama 10, huwa zinatakiwa hoja tano, kila hoja alama mbili. Ukiorodhesha maneno mawili matatu kama mtu anayeandika bidhaa za dukani, hujaeleza. Soma kila hoja yako ujiulize "kwa hivyo?" Kama sentensi haina jibu, haijakamilika.

Kiswahili. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watoto wa Pwani wanapojiponza. Wanadhani somo hili ni la nyumbani. Aliyekulia Lamu ataandika "yuwaja" na "ndia" bila kujua kwamba ameandika. Wa Malindi ataandika "nshamwambia". Kiamu kina heshima yake, tenzi za zamani zimebebwa nacho, lakini msahihishaji ana mwongozo wa Kiswahili sanifu mkononi na ataandika kosa. Nimeona wanafunzi kutoka bara, waliojifunza Kiswahili darasani neno kwa neno, wakiwapita wenye lugha yao kwa gredi mbili. Hawajui Kiswahili kuliko sisi. Wanakiogopa zaidi, basi wanakisoma.

Mambo matatu ya kukagua. Kwenye insha ya methali, pande zote mbili za methali lazima zionekane kwenye kisa. Ukipewa "Mchelea mwana kulia hulia yeye" ukaandika kuhusu mtoto aliyedekezwa akaharibika, umefanya nusu ya kazi; yuko wapi mzazi anayelia? Kwenye ufupisho, hesabu maneno na uonyeshe matayarisho. Kwenye matumizi ya lugha, ukiambiwa utunge sentensi, kikundi cha maneno kisicho na kitenzi wala nukta si sentensi, hata kama neno lililoulizwa limo.

Insha usijisahihishe mwenyewe. Alama zake hupangwa kwa viwango, D ikiwa 1 hadi 5, C 6 hadi 10, B 11 hadi 15, A 16 hadi 20, na hakuna mwandishi anayejiweka C. Mpelekee mwalimu, umwombe akuambie kitu kimoja tu: nini kinanizuia kufika kiwango kinachofuata?

## Hatua ya 5: Daftari la makosa

Yote yaliyotangulia ni maandalizi ya hili. Ukifanya hatua hii peke yake ukaacha nyingine zote, bado utapanda.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika swali kwa ufupi na ulichokijibu, pamoja na kosa lake, bila kulirembesha. Kulia andika jibu sahihi kwa hatua zote, sababu ya kosa, na tarehe tatu za kulirudia. Kila kosa liwe na nafasi yake. Usibandike picha wala usikate karatasi na gundi, mkono uandike.

Mfano kutoka kwenye hisabati ya biashara:

*Swali:* Baada ya punguzo la asilimia 15, kitabu kinauzwa Sh. 680. Bei ya awali?
*Nilichoandika:* Asilimia 15 ya 680 ni 102. 680 + 102 = Sh. 782.
*Sahihi:* 680 ni asilimia 85 ya bei ya awali. 680 ÷ 0.85 = Sh. 800.
*Sababu:* Nilichukua asilimia ya bei mpya. Punguzo hupigwa kwenye bei ya zamani.

Mstari wa sababu ndio wenye thamani. Nimepiga marufuku neno "uzembe" kwenye madaftari ya darasa langu. Uzembe ni tusi, si sababu. Sababu ziko za aina nne, na kila moja ina tiba yake:

*Sikujua.* Rudi kitabuni au kwa mwalimu. Karatasi nyingine ya mtihani haitakufundisha usichokijua, itakuonyesha tena kwamba hukijui.

*Nilijua nikasahau.* Hii inatibiwa na hatua ya 6.

*Sikulisoma swali.* Umeulizwa sababu, ukaandika matokeo. Umeambiwa desimali mbili, ukaandika tatu. Kuanzia leo, kalamu ya risasi ipige mstari chini ya kitenzi cha swali na chini ya kila namba kabla hujaandika neno.

*Muda.* Chukua maswali matano ya aina hiyo uyafanye kwa robo tatu ya muda wake, kila siku, kwa juma moja.

Usistaajabu ukiona orodha ni ndefu mwanzoni. Baada ya wiki tatu nne itajikunja. Msichana mmoja aliniletea makosa 31 ya hisabati akiwa na machozi. Tukayapanga. Kumi na moja yalikuwa kitu kimoja: kila akifungua mabano yenye alama ya kutoa mbele yake, alama ya pili ilibaki bila kugeuka. Kwake −(x − 3) ilikuwa ni −x − 3, badala ya −x + 3. Hakuwa na matatizo kumi na moja. Alikuwa na tatizo moja, amelibeba tangu Kidato cha Kwanza, na karatasi arubaini hazikuwahi kumwambia.

Watu wa hapa tunao mfano mbele ya macho. Vijana wa ufuoni wanaozungumza Kitaliano hadi mgeni anacheka hawakukaa darasani. Walisema neno vibaya, wakacheka nao wakachekwa, wakarekebishwa, kesho wakalisema tena kwa mtu mwingine. Aibu ya kosa haikuwazuia kulisema hadharani. Mwanafunzi wa shule nzuri, mwenye sare iliyopigwa pasi, analifuta kosa lake kwa kifutio kabla mwenzake hajaliona. Usifute. Liandike.

Onyo: daftari likigeuka kuwa pambo lenye rangi sita na vichwa vilivyochorwa, ujue umeanza kukimbia kazi.

## Hatua ya 6: Rudi siku ya tatu, ya kumi, na ya thelathini

Siku ya tatu baada ya kuandika kosa, funika ukurasa wa kulia kwa karatasi, ulifanye swali upya. Usisome jibu ukitikisa kichwa; kutikisa kichwa si kukumbuka. Ukipata, weka alama ya vema. Ukikosa, tarehe zinaanza upya. Vema tatu, yaani siku ya tatu, ya kumi na ya thelathini, ndipo unalipiga mstari kosa hilo na kuliaga.

Aliyesoma chuoni kwa maalim hahitaji kuelezwa. Ulihifadhi sura kwa kuisoma mbele yake, ukasimamishwa ulipokosea, ukarudishwa nyuma, na kesho kabla ya sura mpya ukasikilizwa ya jana. Maalim hakukuruhusu kusonga na kosa mfukoni. Ajabu ni kwamba mtoto yule yule aliyehifadhi juzuu nzima kwa njia hiyo hufika kwenye biolojia akadhani kusoma ni kupitisha kalamu ya kung'arisha juu ya mistari.

Dakika 25 kila jioni zinatosha, mwanzoni mwa muda wa kujisomea wa usiku, kabla ya kazi za ziada za walimu. Mkiwa na marafiki wawili, badilishaneni madaftari Jumapili na kila mmoja aulizwe makosa yake. Watatu, msizidi. Kikundi cha watu wanane ni baraza la kahawa.

Umefaulu ukiona kurasa za nyuma zimejaa mistari ya kuaga na unazipita haraka.

## Hatua ya 7: Maabara isisahauliwe

Karatasi ya vitendo kwa fizikia, kemia na biolojia ina alama 40 kati ya 200. Hiyo ni sehemu moja ya tano, na shule nyingi hulifungua jambo hili Agosti.

Kwenye titrasheni, alama za mwanzo ni za jedwali: lijaze lote, tumia desimali kwa namna moja kote, na ukitumia mbili, ya mwisho iwe 0 au 5. Wastani upigwe kwa usomaji unaokaribiana, si kwa kila ulichokipata. Mambo haya hayahitaji akili nyingi, yanahitaji mkono uliozoea bureti. Jikusanyeni watano, mwombeni mwalimu wa maabara saa mbili za Jumamosi kila wiki mbili. Nyinyi ndio mlipiwao karo, ombeni.

Makosa ya maabara nayo yanaingia kwenye daftari.

## Hatua ya 8: Fungua bahasha

Wiki tatu kabla ya mtihani, fanya zile karatasi mbili mpya kwa masharti yote ya hatua ya 3. Sahihisha. Kisha weka daftari kando yake uliulize swali moja: makosa haya ni mapya au ni ya zamani?

Yakiwa mapya, hata kama alama si za kuvutia, uko njiani. Yakiwa yale yale yaliyokwisha kupigwa mstari, ulijipa vema za bure, na una siku ishirini za kuyarudia kwa haki. Usianzishe mada mpya sasa. Usinunue kitabu kingine.

## Kwa mzazi

Ukiona matokeo hayapandi, jambo la kwanza linalokujia ni tuisheni. Jua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu wanafunzi kutiwa kwenye tuisheni ya likizo. Na hata pasipo sheria, mtoto aliyechoka akisomeshwa mara ya pili kile alichokwisha kusomeshwa huandika madaftari mawili badala ya moja.

Badala ya kumuuliza "umepata ngapi?", muulize "leo umeandika kosa gani?", umwache akueleze, hata kama hesabu zenyewe huzifahamu. Akikwama katikati ya maelezo, amejua mwenyewe pa kurudi. Mshikie ule mwongozo wa usahihishaji Jumamosi, na mumwondolee zamu ya duka asubuhi hiyo.

## Usinakili daftari la mwenzako

Mwaka mmoja wanafunzi walilichukua daftari la kiongozi wa darasa wakalitolea nakala mjini, kila mtu lake, likafungwa kwa chuma likapendeza. Walilisoma mwezi mzima. Wastani wa darasa haukutikisika.

Makosa yale hayakuwa yao. Yeye alikuwa akichanganya longitudo na latitudo, wao walikuwa hawajui kugawanya sehemu. Nunua daftari lako, na Jumamosi hii saa mbili uanze na karatasi ya kwanza.